Mwanangu anaanika uyoga mwekundu juu ya bati

Shikamoo Da' Mkubwa,

Nimesoma majibu yako kwa wenzangu miaka mingi nikisema mimi sitafika huko. Leo nimefika. Nakuandikia nikiwa jikoni, saa tano usiku, wengine wamelala. Au tuseme wako vyumbani, maana yule ninayekuandikia habari zake halali.

Tunaishi Mufindi, kijiji kinachopakana na msitu wa Sao Hill. Mume wangu anaendesha lori la magogo, mimi nina kibanda cha mahitaji na kipande cha chai. Kifungua mimba wetu ana miaka 22, alikuwa chuo Dar, mwaka wa pili. Desemba alirudi na mabegi yote, akasema ameahirisha mwaka. Kwa nini? Kimya. Baba yake akaanza na ada, mwana akainuka mezani, na tangu siku hiyo wanapishana koridoni kama wapangaji.

Usiku namsikia anatembea chumbani, saa nane, saa tisa. Chakula anadonoa tu. Marafiki zake wa zamani wakija anajifanya kalala. Mvua zilipokolea Januari akaanza kwenda mipainani na kikapu, nami nikafurahi kwamba angalau anatoka nje. Kumbe.

Siku moja natafuta ungo wangu wa kuanikia dagaa, siuoni. Nikaukuta juu ya bati la banda la kuku, umejaa uyoga mwekundu kama pilipili, una madoa meupe kama umenyunyiziwa sembe. Mama mkwe wangu ni mtu wa uyoga tangu utotoni, wa kwenye kichuguu anaujua, wa miomboni anaujua, mwingine anautambua kwa kuunusa tu. Nilipomwonyesha alienda kunawa mikono. Akaniambia, "Huo umekuja na miti ya Wazungu. Kwetu hauna jina."

Nilimuuliza kijana, akasema anafanya utafiti. Nikanyamaza. Hapo nakubali kosa ni langu.

Ijumaa mbili zilizopita, kama saa tatu usiku, nikasikia kishindo uani. Nikamkuta amesimama mbele ya kizingiti cha mlango wa nyuma. Kizingiti chenyewe hakifiki vidole vinne. Anakikodolea macho. Kisha akainua mguu mpaka goti likakaribia kifua, kama mtu anayevuka gogo lililoanguka njiani, akaurusha, akaangukia upande wa pili. Shavu linamcheza, jasho linamtoka, mara anacheka, mara analia, mara anamwomba marehemu babu yake asogee apite. Akatapika mara mbili. Halafu akalala, na usingizi wenyewe ulinitisha kuliko ile vurugu. Nilikaa pembeni yake mpaka kunakucha, kila mara naweka kiganja puani nisikie pumzi. Aliamka saa saba mchana akauliza leo ni siku gani.

Nilipombana akasema, "Mama, hii ni dawa. Wazungu wanatibia sonona kwa uyoga, hospitali kubwa kabisa." Akanionyesha kwenye simu. Kweli yameandikwa, ila Kiingereza chenyewe kimenizidi.

Sasa kuna haya mengine. Juzi nafagia chumba chake nikakuta daftari. Amepanga majina ya vijana wa Dar, mbele ya kila jina gramu 30, gramu 50, na bei. Anafunga kwenye bahasha za kaki anatuma kwa basi. Na mdogo wake wa miaka tisa jana kaniuliza, "Mama, kale kauyoga ka kwenye simu, kaka anako kengi, na mimi nipewe kamoja?"

Mume wangu anasema twende polisi wamfundishe adabu. Shemeji yangu anasema zile ni pepo za upande wa babu, tumpeleke kwa mtaalamu Makambako. Mchungaji anataka siku tatu za maombi. Mimi nataka kujua vitu vitatu tu. Ile ni sumu? Kichwa chake kimeharibika? Na mimi nianzie wapi?

Mama N., Mufindi

*

Marahaba, mdogo wangu.

Umeniuliza uanzie wapi. Anza na daftari. Sonona ina njia yake na uyoga una maelezo yake, tutafika huko, lakini zile bahasha za kaki zinaweza kumfikisha mtoto wa mwenzio mochwari wiki hii hii. Kesho asubuhi, kabla ya chai, akae mbele yako apige simu kwa kila jina lililomo mle, mmoja baada ya mwingine, awaambie watupe walichopokea na pesa zao zitarudi. Zirudishe hata kama itabidi ukope kwenye kikoba. Akikataa, piga wewe. Kijana aliyeko Dar atautafuna kwa bia mbili, kisha apande bodaboda. Kilichomo ndani ya uyoga huu kinapooza ubongo, na pombe nayo inapooza ubongo, vikikutana mtu anaweza kulala asiamke, au akajitapikia akiwa kalala matapishi yakamkaba. Wala hakuna mizani ya duka itakayomsaidia mwanao kupima. Uyoga mmoja unaweza kuwa na nguvu mara kadhaa kuliko mwenzake aliochuma mita tano kutoka pale, na kofia haina nguvu sawa na shina. Gramu 30 za leo si gramu 30 za juzi. Anauza asichokijua, kwa watu wasiojua wananunua nini.

Sasa uyoga wenyewe. Kofia nyekundu, madoa meupe, umeota chini ya mipaina wakati wa mvua: hayo yanaelekea kwenye Amanita muscaria. Ukiupindua utaona vile vipande vyembamba vya chini ya kofia ni vyeupe, shina lina kisketi kinachoning'inia, na mguuni umevimba kama kitunguu. Kuugusa hakudhuru, mwambie mama mkwe. Lakini mpe heshima yake yule bibi, maana alichosema ndicho wanachosema wataalamu. Misindano, yaani hiyo mipaina iliyojaa Sao Hill, asili yake ni Mexico. Mti huo haustawi peke yake, unataka kuvu wa kuishi nao mizizini, kuvu anampa mti maji na madini, mti unamlipa kuvu sukari. Watu wa misitu walipoanza kupanda misindano Afrika waliona miche inadumaa, inageuka njano, mpaka walipochanganya kitaluni udongo uliotoka chini ya misindano iliyokomaa. Katika safari za namna hiyo za miche na udongo, kuvu wa ng'ambo wakapata usafiri wa bure, na huyu mwekundu ni mmoja wao. Ndiyo maana bibi hana jina lake. Kwao hasa ni Ulaya, Siberia na kaskazini mwa Asia na Amerika, chini ya misonobari na mibetula, miti ya nchi za baridi. Ulaya waliukatakata kwenye maziwa kunasia nzi, na hilo muscaria limetokana na neno la Kilatini la nzi. Na naam, ndio ule wa kwenye kibodi ya simu. Bintiyo hakukosea.

Nilipofika kwenye kizingiti chako, mdogo wangu, nilisimama kusoma. Daktari mmoja aliyezaliwa Ujerumani, Langsdorff, alifika Kamchatka, mashariki ya mbali ya Urusi, na mwaka 1809 akaandika habari za watu wa kule waliokuwa wakila uyoga huu. Alisema mtu aliyelewa nao akitaka kuvuka kijiti kidogo au unyasi, anainua mguu na kuruka kana kwamba ni gogo la mti. Wewe hujamsoma Langsdorff. Umeona kwa macho yako, Mufindi, miaka zaidi ya 200 baadaye, jambo lile lile. Kwa hiyo mwambie shemeji aweke nauli yake ya Makambako mfukoni. Pepo la upande wa babu halingeweza kuiga watu wa Kamchatka kiasi hicho.

Kinachofanya kazi ni vitu viwili. Cha kwanza ni asidi ya iboteni, inayouchokoza ubongo: ndiyo iliyomchezesha shavu na kumtoa jasho la fadhaa. Uyoga ukikauka, au ukiingia mwilini, sehemu ya asidi hiyo inageuka kuwa musimoli, na musimoli kazi yake ni kuzima. Inashika pale pale ubongo unapojitulizia wenyewe, kwa nguvu ambayo mtu hakuiomba. Ndiyo maana ukaona kucheka, kulia, kuona wafu, halafu ule usingizi. Huwa inaanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kula, inachukua saa nane au zaidi, na wengine siku nzima. Kutopambanua siku alipoamka ni kawaida yake. Kichwa chake hakijaharibika kwa usiku ule mmoja. Lakini usije ukasikia hilo ukapumua ukaishia hapo.

Musimoli haichakai yote mwilini, nyingine inatoka kwenye mkojo ikiwa na nguvu zake. Mwaka 1730 afisa wa Kiswidi aliyekuwa amefungwa Siberia, Strahlenberg, aliandika kwamba kule kwa Wakoryak matajiri walikuwa na akiba ya uyoga, na maskini wasioweza kuununua walisubiri nje ya vibanda vya karamu na bakuli zao, matajiri watoke kukojoa. Naomba umsomee mwanao aya hii kwa sauti. Si kila alichokisoma kwenye simu kuhusu hekima ya kale kina picha nzuri.

Hapo ndipo penye kosa lake kubwa, na ni kosa la mtu msomi, si la mjinga. Amechanganya uyoga mbili. Ule wanaoufanyia utafiti wa sonona ni mwingine kabisa, jamii ya Psilocybe, vijiuyoga vya rangi ya kahawia visivyovutia hata macho, na kilichomo ndani kinaitwa psilosibini. Huo ndio uliomfanya María Sabina, mganga wa kijiji cha Huautla kule Oaxaca, Mexico, ajulikane dunia nzima bila kupenda, baada ya Mmarekani Gordon Wasson kuhudhuria mkesha wake mwaka 1955 na kuuandika gazetini mwaka 1957. Wageni wakafurika, wanakijiji wakamgeukia yule mama, nyumba yake ikachomwa moto. Psilosibini ndiyo iliyotengwa maabara mwaka 1958, ndiyo inayojaribiwa sasa kwenye hospitali kubwa, na tangu Julai 2023 madaktari wa akili wenye kibali nchini Australia wanaruhusiwa kuwapa wagonjwa wa sonona sugu. Ila ona inavyotolewa: dozi imepimwa, mgonjwa amechujwa kwanza kama ana historia ya kuchanganyikiwa kwenye ukoo, na watu wa tiba wanakaa naye chumbani saa zote. Hakuna anayempa mtu bahasha ya kaki.

Na psilosibini na musimoli hazina undugu. Zinaingilia ubongo kwa milango tofauti. Kula uyoga mwekundu kwa sababu utafiti wa uyoga wa kahawia umeleta matumaini ni sawa na kumeza dawa ya panya kwa sababu ile ya malaria nayo ni kidonge. Hata huko Marekani kuna wafanyabiashara waliojificha kwenye mkanganyiko huu huu. Mwaka 2024 watu zaidi ya 170 waliugua kwa chokoleti na peremende zilizouzwa kama za uyoga wa kutuliza akili, makumi yao wakalazwa, na zilipopimwa zikakutwa na musimoli pamoja na vitu vingine ambavyo havikuandikwa kwenye karatasi. Desemba mwaka huo mamlaka yao ya chakula na dawa ikatamka kwamba uyoga huu na hizo kemikali zake haziruhusiwi kuwekwa kwenye chakula.

Ni sumu? Ndiyo. Inaua? Mara chache. Lakini nitakusimulia moja. Mwaka 1897 mwanadiplomasia wa Italia aliyekuwa Washington, Count Achilles de Vecchj, alikula sahani ya uyoga huu pamoja na rafiki yake daktari, akiuchukulia kuwa ni ule unaolika. Rafiki alipona, yeye alikufa. Kwao Italia kuna uyoga wa rangi ya chungwa, mtamu, ulioitwa wa Kaisari, na ni ndugu wa damu na huu mwekundu.

Nimemleta Mwitaliano kwa sababu hali yake ni hali yenu. Miomboni kusini mwa Tanzania kuna uyoga wa jamii hiyo hiyo ya Amanita, wenye rangi ya chungwa na wekundu, ambao watu wanaula vizuri tangu enzi, na mama mkwe wako nadhani ameshaupika. Na yale madoa meupe ya huu wa mipainani si rangi. Ni vipande vya utando uliokuwa umeufunika ukiwa mchanga, vimebaki juu ya kofia kama maganda. Mvua kubwa moja inavifuta vyote. Chukua uyoga mwekundu ulionyeshewa usiku kucha, kofia safi inang'aa, mpe mtoto aliyetumwa kuchuma mboga mpakani mwa shamba la miti na mwitu wa asili. Nani atajua? Kwa hiyo nyumbani kwako iwe sheria: wa miomboni unachumwa na bibi mwenyewe, na chini ya mipaina haokoti mtu kitu.

Kuna ndugu mwingine kwenye ukoo huo ambaye anautisha moyo wangu zaidi, mweupe au wa kijani hafifu, Amanita phalloides na wenzake. Huyo haleweshi, anaua ini. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na wodi ya mkoa ilinifundisha kuogopa saa kuliko kutapika. Mtu akila uyoga akatapika ndani ya saa mbili, nafasi ni kubwa kwamba ni ile ya kusumbua na kupita. Akila jioni, akalala vizuri, halafu tumbo likafumuka alfajiri, saa sita au kumi na mbili baadaye, hapo usisubiri gari la asubuhi. Mbaya zaidi, kuhara kunaweza kukatika, mgonjwa akakaa akaomba uji, familia ikashukuru Mungu, huku ini linaoza. Na kuchemsha hakuitoi sumu ile. Mchumaji wa kujifunza kwenye simu, kama mwanao, ndiye anayekutana nayo, kwa sababu akishaona ule mwekundu haukumuua anadhani amefuzu.

Najua mtandao umemwambia kwamba ukiuchemsha huu mwekundu ukamwaga maji unakuwa mboga. Kuna sehemu za Japani na Ulaya walifanya hivyo, kwa sababu hizi kemikali zinayeyuka majini. Sufuria yako usiilete kwenye jaribio hilo.

Ikitokea tena usiku kama ule, maana vijana wana akiba wasizozitaja, mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe. Usimpe maziwa, usimtapishe kwa kidole, usimpe kidonge chochote cha kumtuliza. Toa visu na panga chumbani, funga mlango wa nje. Angalia saa, uandike alikula lini. Chukua uyoga uliobaki, hata kipande, tia kwenye karatasi siyo mfuko wa plastiki, mpeleke hospitali ya wilaya. Waambie ukweli wote: uyoga mwekundu wa mipainani, kiasi gani, saa ngapi, na pombe kama alikunywa. Usimfundishe daktari kazi, lakini mweleze kinachoonekana kwa mgonjwa, atibu dalili. Vitabu vya zamani vilidhani sumu kuu ya uyoga huu ni muskarini, ile iliyogunduliwa ndani yake mwaka 1869, vikaelekeza sindano ya atropini. Baadaye ikajulikana muskarini yenyewe ni chembe tu, na atropini isiyohitajika inaweza kumzidishia kuweweseka. Kwa binti yako wa miaka tisa hakuna kusubiri dalili kabisa. Watoto wadogo uyoga huu unaweza kuwatia degedege. Akimeza hata kipande kimoja, mbio.

Polisi je? Naelewa hasira ya mumeo, ada si pesa ndogo. Psilosibini imo kwenye orodha kali ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, musimoli haimo, lakini askari atakayefungua bahasha ile stendi hatakaa na kijana kujadili kemia. Pia kumuuzia mtu kitu ukikiita dawa, wakati hakijasajiliwa na mamlaka ya dawa, ni kosa linalojitegemea. Mwambie mwanao hayo bila kumtisha, ni taarifa tu. Lakini kumpeleka wewe mwenyewe kituoni, mtoto ambaye miezi mitatu hajalala, utakuwa umemtoa chumba kimoja cha giza umemtia kingine. Mchungaji aombe, na kama ni mtu wa busara mwombe afanye zaidi ya hapo, aje akae na baba na mwana meza moja, kwa sababu kwenye barua yako yote sijaona mahali hao wawili wamezungumza.

Maana uyoga, mdogo wangu, umekuja nyuma. Mbele kuna kijana aliyerudi na mabegi yote Desemba, hasemi kwa nini, halali, hali, anawakwepa marafiki. Nilivyokusoma, yeye mwenyewe amekwisha kujipima, na jina la ugonjwa amelitamka mbele yako: sonona. Alikuwa anaomba msaada kwa lugha aliyoipata kwenye simu. Usimjibu kwa habari za uyoga kwanza. Muulize usiku, wakati anatembeatembea, ukiwa umeshika vikombe viwili vya chai: "Kilichotokea chuo ni nini?" Ukae kimya hata robo saa. Kisha muulize lile unaloliogopa, kama amewahi kufikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo kichwani. Mara nyingi ni nafuu kwake kwamba kuna mtu ameona. Akikwambia ndiyo, usimwache peke yake usiku huo, na kesho yake ni hospitali. Akisema hapana, bado ni hospitali, ila mnaweza kwenda Jumatatu kwa utulivu. Kliniki ya afya ya akili ipo kwenye hospitali nyingi za wilaya na mkoa, huanzi na Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, kama watu wanavyodhani. Sonona ina dawa zinazojulikana na mazungumzo yanayojulikana, na daktari lazima aambiwe habari ya uyoga, kwa sababu dawa za usingizi na musimoli hazifai kukutana.

Kuhusu baba yake: mtu wa lori anajua kwamba gari likizima mlimani hulipigi teke. Anza na hapo, nadhani atakuelewa.

Mabaki yote ya juu ya bati yafukieni shimoni, mbali na kuku na mbali na macho ya yule mdogo, na afukie kijana mwenyewe. Daftari usilichane mbele yake, atahitaji majina yale asubuhi. Na ule ungo usirudi kuanikiwa dagaa kabla hujausugua kwa maji ya moto na sabuni, ukaukausha juani siku nzima. Ningekuwa mimi ningenunua mwingine.

Da' Mkubwa